Ufunuo na ubatizo: mahali Waprotestanti na Wamormoni wanapoachana

Vita inapotawanya watu, makanisa nayo yanachanganyika. Familia iliyotoka kijiji chenye kanisa moja inajikuta mjini, kwenye avenue yenye makanisa matano. Ndipo swali linazuka nyumbani: mtoto aliyebatizwa kule anaombwa abatizwe tena huku. Baba anakataa, mama anakubali, wajomba wanagawanyika. Leo tueleze tofauti moja ambayo wengi wanatuuliza: kati ya makanisa ya kiinjili, ambayo kwetu tunayaita ya Kiprotestanti, na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wanaliita la Wamormoni. Hatusemi nani ana haki. Tunataka kila mtu ajue anachokiingia.

Tuanze na ufunuo. Mwaka wa 1521, katika mji wa Worms, Martin Luther alisimama mbele ya mfalme mkuu Charles wa Tano akakataa kukana maandishi yake mpaka aonyeshwe kosa kwa Maandiko au kwa hoja wazi. Tangu wakati huo Waprotestanti wanashika kwamba Biblia ndiyo inayopima kila mafundisho. Hata wale wanaoamini unabii na maono, kama Wapentekoste, wanasema neno la nabii lazima lipimwe kwa Biblia, na hakuna kitabu cha kuongezwa juu yake.

Wamormoni wanasema mbingu haikufungwa. Joseph Smith alizaliwa mwaka wa 1805 huko Vermont, Marekani. Alieleza kwamba akiwa kijana alitokewa na Mungu Baba na Yesu Kristo, na kwamba baadaye malaika aitwaye Moroni alimwonyesha bamba za dhahabu zenye maandishi ya kale. Kutoka humo, alisema, alitafsiri Kitabu cha Mormoni, kilichochapwa mwaka wa 1830 huko Palmyra, New York. Tarehe 6 Aprili mwaka ule ule kanisa likaanzishwa. Mwaka wa 1844 aliuawa na kundi la watu ndani ya gereza la Carthage, Illinois. Leo Wamormoni wana Biblia, Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Zaidi ya hivyo, wanaamini rais wa kanisa lao ni nabii aliye hai, anayeweza kupokea ufunuo mpya kwa kanisa zima.

Jambo hili linatugusa sisi Waafrika moja kwa moja. Tangu wakati wa Brigham Young, aliyelitangaza mwaka wa 1852, mwanamume mweusi mwenye asili ya Afrika hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo. Katazo hilo lilidumu mpaka Juni 1978, wakati rais Spencer W. Kimball alipotangaza kwamba ufunuo umelifungua kwa kila mwanamume anayestahili. Kanisa lilitambuliwa rasmi katika inchi yetu, wakati huo Zaire, mwaka wa 1986, na hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu mwaka wa 2019. Mwamini wa Kimormoni anaona hapo faida ya kuwa na nabii aliye hai. Mprotestanti anauliza: kama Biblia ilikwisha kusema Mungu hana upendeleo, kwa nini kungoja ufunuo mwingine?

Sasa tushuke majini. Makanisa ya kiinjili yenyewe hayakubaliani kwa yote. Wamethodisti wanabatiza watoto wachanga. Wengine wanabatiza aliyekwisha kuamini tu. Hawa wa pili walilipa damu: mwaka wa 1525 huko Zurich, watu wachache walianza kubatizana wakiwa watu wazima, na mwaka wa 1527 mmoja wao, Felix Manz, alizamishwa mtoni mpaka akafa. Ubatizo wa maji mengi wa waaminio ulifika pia Kivu pamoja na wamisionari Wapentekoste wa Uswidi mwaka wa 1921, ndio chanzo cha 8e CEPAC. Kwa wengi wao, maji hayaokoi. Mtu anaokolewa kwa neema kwa njia ya imani, na ubatizo ni ushuhuda wa hayo.

Wamormoni nao wanazamisha, kuanzia umri wa miaka minane, na hawabatizi wachanga. Ila kwao ubatizo ni wa lazima kwa ondoleo la dhambi, na lazima ufanywe na mwenye mamlaka ya ukuhani. Wanafundisha kwamba mamlaka hayo yalipotea duniani, yakarudishwa Mei 1829, Yohana Mbatizaji alipomtokea Joseph Smith na Oliver Cowdery. Kwa hiyo anayetoka kanisa lingine anabatizwa upya. Na upande wa pili ni hivyo hivyo: mwaka wa 2001 Roma ilitangaza kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali. Maneno ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni yale yale, lakini Wamormoni wanafundisha kwamba hao ni nafsi tatu zilizo mbalimbali kabisa, si Mungu mmoja wa Utatu.

Kuna pia ubatizo kwa ajili ya wafu, ulioanza kuhubiriwa mwaka wa 1840. Mtu aliye hai anabatizwa hekaluni kwa jina la marehemu, naye marehemu, wanasema, ana uhuru wa kukubali au kukataa. Wanategemea 1 Wakorinto 15:29. Waprotestanti wanajibu kwamba mstari huo hauamuru kitu, na kwamba uamuzi wa mtu unafanywa akiwa hai. Kwa familia zilizopoteza wazee njiani bila hata kuwazika, fundisho hili linaweza kufariji au kuumiza. Lisitumiwe kumvuta mtu mwenye msiba.

Katiba yetu, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa dini. Basi kabla ya kuingia majini, uliza: anayenibatiza ana mamlaka gani, anafuata kitabu gani, na anasema nini juu ya ubatizo wangu wa kwanza? Ukikosa jibu wazi, subiri. Na ndugu yako akichagua njia nyingine, bado ni ndugu yako: mnakula sahani moja, na siku ya kurudi kijijini mtabeba mizigo pamoja.