Wamakonde wa Kwale na radhi iliyokuja na kadi

Wasomaji, leo naweka programu kando, ingawa habari hii nayo ni ya rekodi kwenye kompyuta. Wamakonde walianza kuja Pwani yetu kutoka Msumbiji miaka ya 1930, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wajukuu wakazaliwa Kwale, na bado wengi hawakuwa na kitambulisho. Bila namba ile huwezi kusajili laini ya simu wala kufungua M-Pesa.

Oktoba 2016 wakafunga safari hadi Ikulu, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha, na Februari 2017 akaja Kwale kuvikabidhi. Aliwaomba radhi kwa kuwa serikali ilikawia mno. Kosa limetajwa, kadi iko mkononi.

Linganisha na Machi 2015, alipoomba radhi Bungeni kwa dhuluma zote za serikali zilizopita. Hotuba nzuri, nakiri. Akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Anaondoka madarakani 2022, waathiriwa walikuwa bado wanaungoja.

Wapemba wanaoishi Kwale na Kilifi, wao walitambuliwa 2023.