Ringi Mbili Zilizochomelewa Pamoja: Historia ya Baiskeli Nene na Swali Letu Watu wa Ziwani

Leo naomba tuiache siasa ipumue kidogo. Nataka tuongee habari za baiskeli. Najua wapo watakaocheka: mtu kasoma chuo kikuu, kaajiriwa gazetini, halafu anakaa kuandika habari za baiskeli! Subirini kwanza, tufike mwisho ndiyo mcheke.

Kwa wale ambao jiografia ya Mara hawaijui vizuri, Rukuba ni kisiwa kidogo cha wavuvi ndani ya Ziwa Victoria, Kata ya Etaro, Musoma Vijijini. Unakwenda kwa mtumbwi. Kazi ya kisiwani, ukiondoa kuvua, ni kubeba: nyavu, ndoo za samaki, magunia ya dagaa, mashine za boti. Na ukitaka kujua udhaifu wa Phoenix, iweke mzigo kwenye keria uipitishe kwenye mchanga wa ufukweni. Tairi la mbele linazama, usukani unageuka wenyewe, unashuka, unaanza kusukuma. Hapo baiskeli imeacha kuwa chombo cha usafiri, imekuwa mzigo wa pili.

Sasa, dunia ina baiskeli isiyozama. Ina matairi manene ya inchi nne hivi, na zile za mashindano ni nyepesi kuliko Phoenix yenyewe. Haikuvumbuliwa na profesa wala kiwanda kikubwa. Ilianzia kwenye vibanda vya mafundi. Swali linalonisumbua ni hili: kwa nini haikuanzia kwetu?

Tuanze na historia yake.

Mwaka 1987, huko Alaska, watu wachache waliamua kushindana kwa baiskeli juu ya theluji, kwenye njia ya sleji zinazovutwa na mbwa. Mbio ziliitwa Iditabike, umbali wa maili 200, yaani kilomita 320 hivi. Baiskeli zao zilikuwa za milimani za kawaida. Yaliyowapata ni yaleyale ya Rukuba: matairi yalizama, watu wakashuka wakasukuma, usiku na mchana, kwenye baridi kali. Walisukuma sana hadi watani wakasema ni mbio za kusukuma, si za kuendesha.

Lakini mwaka uliofuata walirudi, na mwingine, na mwingine. Kila waliporudi kulikuwa na mtu aliyebadilisha kitu. Kwenye mji wa Fairbanks alikuwepo fundi mwenye duka, Simon Rakower. Alichukua ringi mbili za kawaida, akazichomelea ubavu kwa ubavu ili tairi lipate kulala kwa upana. Zilikuwa nzito lakini zilifanya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akatengenezesha ringi moja pana ya milimita 44, akaiita SnowCat. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa ringi ya watu wa theluji.

Wakati huohuo, mbali kabisa na theluji, jamaa mwingine aitwaye Ray Molina alikuwa anahangaika na mchanga wa jangwani, kusini magharibi mwa Marekani na Mexico. Yeye alitengenezesha ringi za milimita 82 na matairi ya inchi tatu na nusu. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya biashara ya baiskeli Las Vegas, watu wa mchanga na watu wa theluji wakakutana. Mtengenezaji wa Alaska, Mark Gronewald, akaanza kuunda fremu za kupokea magurudumu yale mapana, na jina la baiskeli nene likapatikana.

Kiwanda kilikuja mwisho kabisa. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ya Minnesota ilitoa baiskeli iitwayo Pugsley, yenye ringi za milimita 65 na matairi ya inchi 3.7. Tangu hapo mtu wa kawaida akaweza kuinunua dukani. Hesabu mwenyewe: kutoka mbio za 1987 hadi dukani ni miaka 18.

Kwa nini unene unasaidia? Hapa panahitaji hesabu kidogo, wala si ngumu. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 100, ambazo ni pauni 220. Ukijaza tairi jembamba upepo wa pauni 50 kwa kila inchi ya mraba, gawanya 220 kwa 50. Jibu ni inchi za mraba 4.4 kwa matairi yote mawili. Yaani kila tairi linagusa ardhi kwa eneo lisilofikia kisanduku cha kiberiti! Tairi nene unaweza kulijaza pauni 6 tu. Gawanya tena: inchi za mraba 37 hivi, zaidi ya mara nane. Sasa kila tairi linakanyaga kwa eneo la kiganja pamoja na vidole. Ni tofauti ya kwato la punda na mguu wa ngamia. Punda si mnyonge, ila jangwani anachimba pale ambapo ngamia anapita.

Tatizo lililobaki lilikuwa uzito. Pugsley ilikuwa na kilo 16 hivi. Na uzito wa ringi na tairi una hila yake, maana uko pembeni mwa gurudumu: kila unapoanza upya kuondoka, kilo moja ya pale inakuchosha karibu sawa na kilo mbili za kwenye fremu. Mchangani na kwenye theluji unaanza upya kila dakika. Ndiyo maana mafundi walitoboa ringi matundu makubwa kati ya spoki na spoki, wakaziba kwa utepe. Kufikia mwaka 2013 hivi kampuni zilikuwa zinauza fremu nene za nyuzi za kaboni, na baiskeli nzima ikashuka hadi kilo 10 au 12. Phoenix yako ni karibu kilo 20.

Matokeo yake? Mwaka 2014, Jeff Oatley wa Fairbanks aliendesha kutoka Knik hadi Nome, njia inayohesabiwa maili 1,000, kwa siku 10 na saa chache. Ni nchi ileile ambayo miaka 27 kabla yake watu walikuwa wakisukuma.

Sasa turudi nyumbani. Naomba mtu asiniambie sisi hatuna ubunifu, maana historia inakataa.

Tazama Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kuanzia miaka ya 1960 vijana waliweka kiti cha sponji kwenye keria, wakavusha abiria na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, na neno bodaboda likazaliwa. Baiskeli iliyoundwa Ulaya kumbeba karani mmoja ikawa teksi. Huku kwetu Shinyanga na Tabora tuliziita daladala. Aliyezifanya zihimili kazi hiyo ni fundi wa chini ya mwembe: aliongeza vyuma kwenye foki, akafunga keria ya nondo, akaweka spoki nene. Hakuna aliyemwita mhandisi.

Tazama Goma na vijiji vya Kivu. Tangu miaka ya 1970 wanaunda chukudu: chombo cha magurudumu mawili cha mbao, magurudumu yamevishwa vipande vya mpira wa tairi kuukuu, na kinabeba mamia ya kilo za viazi na mkaa kwenye barabara zilizojaa mawe ya volkano. Hicho ni chombo kilichobuniwa kwa ajili ya ardhi yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Na kiwanda tulikuwa nacho. Vijana wa leo hawajui, lakini shirika la umma lililoitwa National Bicycle Company, NABICO, lilitengeneza baiskeli za Swala pale Dar es Salaam. Waulizeni wazee wenu. Swala ilikuwa ya mtindo uleule wa Raleigh na Phoenix: fremu kubwa ya chuma na matairi membamba. NABICO haikuvuka salama mageuzi ya miaka ya 1990, na Swala ikabaki kumbukumbu.

Na mashindano tulikuwa nayo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Kanda ya Ziwa tulikuwa na Vodacom Mwanza Cycle Challenge, na watu wa Mwanza, Shinyanga na Arusha walichuana vikali.

Kwa hiyo fundi alikuwepo, kiwanda kilikuwepo, mbio zilikuwepo. Kilichokosekana ni nini? Maoni yangu ni kwamba vitu hivi vitatu havikuwahi kukutana. Kiwanda kilinakili baiskeli ya Mwingereza, hakikwenda kumuuliza fundi wa Shinyanga kwa nini anaongeza chuma kwenye foki. Na mbio zilikuwa za lami. Ukishindana kwenye lami, chombo bora kinajulikana tayari: ni kile chembamba cha Ulaya, na mwenye pesa za kukiagiza amekutangulia. Fundi wa mtaani hana la kuchangia hapo. Mbio za lami zinapima miguu na mfuko. Mbio za kwenye ardhi mbaya unayoishi ndizo zinazopima chombo, na ndizo zinazozaa chombo kipya. Watu wa Alaska hawakuwa na akili kutuzidi. Walishindana nyuma ya nyumba zao, basi.

Wapo majirani waliokaribia. Tom Ritchey, mmoja wa waundaji wa kwanza wa baiskeli za milimani huko California, alitembelea Rwanda mwaka 2005, akakuta wakulima wanateremka milima kwa baiskeli za mbao. Mwaka 2006 yakafanyika mashindano yaliyoitwa Wooden Bike Classic, na baiskeli za mbao zenyewe zilishindanishwa. Ritchey akabuni pia baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, kwa sababu kahawa ikichelewa saa kadhaa baada ya kuchumwa kabla ya kufika mtamboni inapoteza ubora. Ardhi, kazi na mashindano vilikutana hapo!

Halafu Rwanda ikachukua njia ya barabara kuu. Timu ikaundwa chini ya Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Adrien Niyonshuti akabeba bendera ya nchi yake Olimpiki ya London mwaka 2012 na kumaliza mbio za baiskeli za milimani. Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika tangu yaanze mwaka 1921. Ni heshima kubwa, nami niliifurahia kama ya kwetu. Lakini baiskeli zilizopita kwenye vilima vya Kigali ziliundwa kwingine. Tumeupeleka mguu wa Afrika kileleni, mkono wa fundi wa Afrika tumeuacha bondeni.

Nawasikia wanaosema: zama za baiskeli zimepita, bodaboda siku hizi ni pikipiki. Kweli, mijini hivyo ndivyo. Lakini kisiwani kila lita ya petroli inavuka maji kwa nauli, na pikipiki nayo ikiingia kwenye mchanga inachimba kaburi lake. Mwingine atasema tairi la inchi nne halipatikani Musoma, tufunge tu tairi la pikipiki. Hapana! Tairi la pikipiki linaweza kuzidi la baiskeli nene mara mbili kwa uzito, na tumeshaona uzito wa pembeni unavyokula nguvu. Tuanze alipoanza Rakower: ringi mbili na mashine ya kuchomelea. Cheni itagusa tairi? Surly walikutana na tatizo hilohilo, wakasogeza sehemu ya nyuma ya fremu, pale gurudumu linapofungwa, upande wa cheni kwa milimita 17.5. Hilo fundi wa Musoma analiweza kabla ya chai ya saa nne.

Ninachopendekeza ni kidogo sana. Tuwe na mbio moja kwa mwaka, mchangani, mwaloni, mahali kama Rukuba. Kila mshindani abebe ndoo ya dagaa kwenye keria. Baiskeli iwe imeundwa na fundi wa hapahapa na ipimwe kwenye mzani kabla ya kuanza. Zawadi ziwe mbili zinazolingana: moja ya mwendeshaji, moja ya fundi, na jina la fundi liandikwe gazetini kwa herufi zilezile za mwendeshaji. Mwaka wa kwanza wote watasukuma, na watu watacheka ufukwe mzima. Alaska nao walisukuma.

Wazee wanaojua kukunja paipu kwa moto wa mkaa wanazidi kuzeeka, na vijana wao wamehamia kwenye pikipiki. Ujuzi ule haujaandikwa kwenye kitabu chochote. Uko mikononi mwao, na wakiondoka unaondoka nao. Tutakuja kununua baiskeli ya mchanga kutoka ng'ambo kwa bei ya mtumbwi, halafu tutasifia akili za wazungu.

Haya, sasa mnaweza kucheka. Tukimaliza, nani anayo mashine ya kuchomelea?