Milango Iliyohama Nyumba

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, au katika mitaa ya Mkomani huko Lamu, akasimama mbele ya mlango wa nakshi na kusoma mwaka wa Hijiria uliochongwa katika kizingiti chake cha juu, asifanye haraka kuamini kuwa nyumba nayo ilijengwa mwaka huo huo. Kwani aghalabu mlango una umri wake na ukuta ulioushika una umri mwingine, na mara nyingi mlango ndio mkubwa. Milango ya pwani yetu imehama tangu zamani. Ilihama pamoja na mirathi iliyogawanywa, ilihama nyumba ilipoanguka na mwenyewe akajenga nyingine, ilihama kwa kuuzwa na kununuliwa. Na wajuzi wa majengo, waliojaribu kuzipa nyumba tarehe kwa kutazama milango yake, wamelazimika kukiri kuwa ushahidi wa namna hiyo peke yake hautoshi.

Mfano ulio dhahiri kupita yote uko Unguja, katika jengo la makumbusho liitwalo Beit el-Amani, lililokamilika mwaka 1925 kwa ramani ya J. H. Sinclair ili kuwakumbuka waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mlango uliotiwa katika jengo hilo hutajwa kuwa ndio wa kale zaidi kati ya milango yenye tarehe kisiwani, nao ni wa mwaka 1694, yaani miaka minne kabla ya Waomani kuitwaa Ngome ya Mombasa mikononi mwa Wareno. Basi mti ule umeizidi nyumba yake umri kwa miaka mia mbili na zaidi. Waliouweka pale hawakuzua jambo geni. Walifuata ada iliyokuwapo, ijapokuwa waliifuata kwa ajili ya makumbusho, si kwa ajili ya maskani.

Ili kufahamu kwa nini mlango uliweza kuhama ilhali nyumba haiwezi, yafaa tuutazame ulivyoundwa. Mlango wa nakshi si ubao uliobandikwa ukutani. Ni chombo kamili kilichokusanywa na fundi seremala: miimo miwili inayosimama kulia na kushoto, kizingiti cha juu kinachobeba maandishi na maua, kizingiti cha chini kinachokanyagwa au kurukwa, mbao mbili zinazofunguka ndani, na baina yao mfaa, ule mti wa katikati uliochongwa kwa ustadi, unaoficha pengo la mbao zinapokutana. Mbao zenyewe hazikutundikwa kwa bawaba kama za milango ya siku hizi; kila ubao una ncha mbili, moja juu na moja chini, zinazozunguka katika matundu yaliyotobolewa katika vizingiti. Kwa hiyo fremu na mbao zake haziwezi kutenganishwa pasipo madhara: anayetaka kuzitoa mbao hana budi kuilegeza fremu, na anayetaka kuitoa fremu hana budi kuubomoa ukuta unaoizunguka, jiwe baada ya jiwe. Inasimuliwa kuwa tajiri wa zamani alipokusudia kujenga, mlango ndio uliotangulia kusimamishwa, kisha waashi wakazijenga kuta pande zake. Na hata kama si kila nyumba ilijengwa hivyo, simulizi hiyo inatuonyesha waliotangulia waliupa mlango daraja gani. Jiwe la matumbawe na chokaa vilikuwa vya kila mtu mwenye uwezo wa kuviagiza, lakini mlango ulikuwa jina la mtu.

Tena haukuwa wa namna moja. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, mji uliosifika kwa wanavyuoni wake na mafundi wake kabla haujatiishwa na Seyyid Majid, sultani wa Unguja, mwaka 1863, nakshi zilichimbwa kwa mistari iliyokazana na kupakwa rangi nyeusi, nyekundu na nyeupe. Unguja ya karne ya 19 ilipenda fremu nzito ya pembe nne, yenye samaki chini ya miimo, mnyororo ukingoni, na mayungiyungi na mitende katika nafasi zilizobaki. Katika zama za Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ilienea milango yenye upinde juu na maua yaliyosongamana, kazi iliyoathiriwa na mafundi wa Kihindi. Nao msaji ulioletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi ukachukua nafasi ya miti ya kwetu kwa kila aliyemudu bei yake. Misumari mikubwa ya shaba, ambayo husemwa kuwa asili yake ni India, ambako iliwazuia tembo wa vita wasiisukume milango, huku kwetu haikumzuia mnyama yeyote. Ilikuwa heshima na utajiri. Mti kama huo haukuwa wa kutupwa kwa sababu paa limeanguka. Msaji haumalizwi na mchwa kwa wepesi, wala chumvi ya bahari haiuli upesi, na maadamu kizingiti cha chini, ambacho ndicho huoza kwanza kwa maji ya mvua, kiliweza kubadilishwa, mlango uliosalia ungeweza kuzihudumia nyumba mbili tatu.

Wala mlango haukuwa peke yake katika safari hizi. Boriti za mikoko, zilizokatwa Lamu na katika maingilio ya Rufiji, na zilizopakiwa kwa maelfu kupelekwa Uarabuni na Ghuba, ndizo zilizopima upana wa vyumba vyetu: kwa kuwa boriti haikuvuka sana dhiraa sita, chumba nacho hakikuweza kuvuka hapo, kikarefuka bila kupanuka. Nyumba ilipobomoka, boriti nzima ziliokotwa na kupangwa kando. Ncha zake, zilizokuwa zimelala ukutani na kunywa unyevu, ndizo huharibika kwanza. Zikikatwa, boriti iliyokuwa ya ukumbi inafaa kwa chumba kidogo, na ya chumba kidogo inafaa kwa ujia au kwa jiko. Kadhalika mawe. Kasri ya Beit el-Ras, aliyoianza Seyyid Said mwaka 1847 na ambayo haikuwa imekwisha alipofariki mwaka 1856, iliachwa ikawa gofu, na mawe yake mengi yakachukuliwa kujengea reli ya Bububu mwanzoni mwa karne ya 20. Kasri ya Maruhubi, aliyoijenga Barghash, iliungua mwaka 1899. Nguzo zake zingali zimesimama, lakini marumaru ya hamamu zake iliondoka, na walioichukua hawakuacha habari.

Kati ya hayo yote, hakuna linalonigusa kama msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Kuta zinazoonekana leo zilijengwa upya katika karne ya 18, lakini kibla chake kimehifadhi maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijiria, ndio 1107 wa Miladia. Waliojenga upya waliweza kuanza upya kwa kila kitu, maana chokaa walikuwa nayo na mafundi walikuwa nao. Walakini waliyaacha maneno ya wazee wao mahali panapoelekewa na kila mwenye kusali. Hapo pana kanuni ambayo haikuandikwa, nayo ndiyo ninayoishika katika kuyapima mambo haya: kipande cha kale kinapoingia katika jengo jipya, kiingie na kazi yake na cheo chake.

Yapo yasiyohama kabisa. Zidaka za Lamu, yale matundu ya chokaa yaliyopangwa safu juu ya safu katika ukuta wa chumba cha ndani, ambamo ziliwekwa kauri za Uchina na vyombo vya thamani, haziwezi kung'olewa, kwa sababu zimechongwa katika lipu ya ukuta wenyewe. Nyumba ikifa, zidaka hufa nayo. Ndiyo maana mnunuzi wa vitu vya kale hazitazami zidaka, huutazama mlango. Na ndiyo maana mlango, kwa uimara wake huo huo, umekuwa katika hatari ambayo chokaa dhaifu haikuipata.

Hatari hiyo ilizidi katika nusu ya pili ya karne ya 20. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa na serikali, wenyewe wengi wakiwa wamekwisha kuondoka, zikapewa familia nyingi kwa pamoja ambazo hazikuwa na fedha za kutengeneza dari wala mifereji ya maji. Na jengo la matumbawe lisilopakwa chokaa hunywa mvua mpaka linaanguka. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka uliofuata. Lakini katika miongo iliyotangulia milango mingi ilikuwa imekwisha kushuka kutoka kuta zake. Serikali hazikuwa zimelala. Sheria ya Mambo ya Kale iliyotungwa Tanganyika mwaka 1964 iliitaja wazi milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vya kulindwa, na sheria ya Kenya ya 1983 ikafanya vivyo hivyo kwa iliyochongwa kabla ya 1946. Ni jambo la fahari kwamba watunga sheria, wakiwa na mengi ya kuwashughulisha, waliukumbuka mlango kwa jina. Sheria yaweza kukizuia kipande cha mti kisivuke mpaka; haiwezi kukihifadhia habari ya mahali kilipotoka, na hasara yetu kubwa iko hapo.

Zamani mlango ulipohama, habari zake zilihama nao. Ulitoka mtaa huu ukaenda mtaa wa pili, au kwa mjomba ukaenda kwa mpwa, na watu wa mtaani walijua kuwa huo ni mlango wa nyumba ya fulani bin fulani. Leo unang'olewa nyumba ikiwa tupu, unalazwa katika karakana pamoja na mingine kumi, fremu ya mmoja inaungwa na mbao za mwingine, mfaa uliopotea unachongwa mpya na kupakwa dawa ili ufanane, kisha mkusanyiko huo unauzwa kwa jina la mlango wa kale. Mwenye kuununua ataka uzuri, naye simlaumu kwa kuupenda. Kuna nyumba mpya za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja ambazo wenyewe wameisimamisha milango ya namna hii kwa taadhima, wakaitia mafuta, wakaitengenezea kivuli isipigwe na jua la alasiri. Mlango uliopata nyumba ya hivyo umebahatika kuliko ule uliosalia katika gofu ukisubiri mvua ya masika.

Kisha kuna jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja, nami siwezi kulitaja kwa upole. Kizingiti cha juu, chenye Bismillahi iliyochongwa kwa khati ya kupendeza, kimetiwa miguu minne ya mbao, kikawekwa kioo juu yake, kikawa meza ya kahawa. Mchongaji alikusudia maneno yale yawe juu ya kichwa cha kila aingiaye, tajiri na mtumwa, mgeni na mwenyeji. Sasa yako chini ya magoti, vikombe vinatua juu yake na viatu vinanyooshwa chini yake. Aliyefanya hivyo pengine hajui kusoma khati hiyo na hakukusudia ubaya. Lakini fundi aliyekiuza alijua. Mbao za jahazi lililochakaa zikifanywa viti na fremu za picha, kama wafanyavyo maseremala wa Lamu kwa ufundi wa kusifika, hakuna aliyedhulumiwa, maana ubao wa jahazi ulikuwa wa kuchukua mzigo na kiti nacho huchukua mzigo. Maandishi hayakuwa ya kuchukua mzigo wowote.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa pwani, na kila mwenye kujenga nyumba popote ambaye moyo wake umevutwa na mlango wa zamani, wazingatie machache. Mlango wa nyumba iliyosimama usinunuliwe, hata ukiuzwa kwa bei nafuu, kwa sababu ukitoka huo ukuta wake hauna muda. Nunua ule ambao nyumba yake imekwisha kuanguka. Uchukue mzima, na miimo yake, vizingiti vyake na mfaa wake, wala usikubali kuunganishiwa vipande vya milango mitatu. Kabla haujatolewa, upige picha ungali ukutani, uliza jina la mtaa na la ukoo, kisha andika yote hayo kwa wino katika karatasi na uihifadhi pamoja na hati ya nyumba yako, au yaandike nyuma ya fremu mahali pasipopigwa rangi. Maandishi yabaki juu. Na ikiwa mlango ni wa umri unaotajwa na sheria, nenda kwanza kwa wahusika wa mambo ya kale ukapate kibali, nawe usikubali kuambiwa na muuzaji kuwa kibali si lazima.