Ruta ya Unix

Ruta ya Unix ni kompyuta ya kawaida inayoendesha mfumo wa jamii ya Unix, kama vile Linux, FreeBSD au OpenBSD, na iliyopangwa kupitisha pakiti za data kati ya mitandao miwili au zaidi. Aghalabu huwa na kadi mbili za mtandao: moja huelekea kwenye modemu ya kampuni ya intaneti, nyingine kwenye swichi ya kompyuta za ndani.

Kazi hii si ngeni kwa Unix. Mfumo wa 4.2BSD, uliotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983, ulikuja na itifaki za TCP/IP pamoja na routed, programu ya kupashana habari za njia na ruta jirani. Waraka wa RFC 1122 wa Oktoba 1989 uliagiza kwamba kompyuta isijigeuze ruta kwa sababu tu ina kadi zaidi ya moja. Mwenye mashine ndiye aamue. Ndiyo maana uwezo huo kwa kawaida huja ukiwa umezimwa.

Kuuwasha ni kubadili sifuri iwe moja. Katika OpenBSD huandikwa net.inet.ip.forwarding=1 ndani ya faili la /etc/sysctl.conf, na katika Linux, net.ipv4.ip_forward=1. Anayetoa amri hiyo kwenye skrini bila kuiandika kwenye faili ataona kila kitu kinakwenda sawa, hadi siku umeme utakapokatika.

Ugumu huanzia kwenye anwani. RFC 1918 ya mwaka 1996 ilitenga 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 kwa matumizi ya ndani, na anwani hizo hazisafiri kwenye intaneti ya wote. Kwa hiyo ruta hubadilisha anwani ya mtumaji na kuweka yake, kisha hutunza kumbukumbu ili jibu likirudi lifike kwa mwenyewe. Utaratibu huo huitwa NAT. Katika OpenBSD hufanywa na pf, programu ya kuchuja pakiti iliyoanzishwa na Daniel Hartmeier mwaka 2001 baada ya kichujio cha awali, IPFilter, kuondolewa kwa mzozo wa leseni. Kosa la kawaida hapa ni kuupa mtandao wa ndani 192.168.1.0/24 ilhali modemu nayo inatumia hiyohiyo: ruta huona mtandao mmoja pande zote mbili, isijue pakiti ielekee wapi.

Kuchuja pakiti ni sehemu isiyofaa kufanywa kwa haraka. Msingi ni kuzuia vyote, kisha kuruhusu vinavyohitajika. Lakini kanuni hazisomwi kwa namna moja: katika pf, kanuni ya mwisho inayolingana na pakiti ndiyo huamua, isipokuwa iliyotiwa neno quick; katika iptables ya Linux, ya kwanza yenye uamuzi humaliza shauri. Orodha iliyonakiliwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine inaweza kufungua mlango uliokusudiwa kufungwa. Wapo pia wanaozuia ICMP yote, yaani ujumbe wa kuarifu hitilafu za mtandao, wakidhani ni usalama. Kwenye laini za PPPoE, ambazo pakiti zake kwa kawaida hazizidi baiti 1492, hatua hiyo humnyima mtumaji taarifa kwamba pakiti ni kubwa mno, na huzifanya tovuti fulani zikwame huku nyingine zikifunguka vizuri.

Upitishaji wa pakiti za IPv6, toleo jipya la itifaki ya intaneti, huwashwa kwa mpangilio wake wenyewe. Kwa kuwa IPv6 kwa kawaida haihitaji NAT, kila kifaa huweza kufikiwa moja kwa moja kutoka nje, na ulinzi wote hubaki kwa kichujio.

Kugawa anwani na kutafuta majina hufanywa na dhcpd na unbound, au dnsmasq peke yake. Kompyuta kuukuu inatosha, ila hula umeme mwingi kuliko kisanduku cha ruta cha dukani. Kwa nyumba yenye simu chache, kisanduku hicho kinatosha. Nacho mara nyingi huendesha Linux. Mradi wa OpenWrt ulizaliwa mwaka 2004 kutokana na programu ya ruta ya namna hiyo, Linksys WRT54G.