Picha za Kariba na Watu Wasioonekana Ndani Yake

Picha ni chombo cha utamaduni. Haielei hewani: ina mpigaji, ina aliyegharimia, na ina mahali kamera iliposimama. Mwanafunzi wa historia anayetazama picha ya bwawa kubwa hana budi kuuliza: kamera ilisimama upande wa nani? Nini kimeachwa nje? Nani alifaidika?

Tuchukue Bwawa la Kariba katika Mto Zambezi. Lilijengwa kati ya 1955 na 1959, wakati wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, dola iliyoshikwa na walowezi. Mwaka 1956 Benki ya Dunia ilitoa mkopo wa dola milioni 80. Umeme ulikusudiwa kwanza kuendesha migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na viwanda vya Rhodesia ya Kusini.

Picha za ukuta hupigwa kutoka juu au mbali. Saruji yenye kimo cha mita 128 inajaza picha. Mfanyakazi, akionekana, ni nukta tu. Wafanyakazi zaidi ya 80 walikufa katika ujenzi huo. Picha inatangaza kuwa binadamu ameushinda mto. Haielezi ni kwa jasho la nani.

Picha za ziwa nazo zinaonyesha maji matupu, kana kwamba bonde lilikuwa pori lisilo na mwenyewe. Chini ya maji hayo yamo makaburi ya Watonga na mashamba ya kingoni waliyovuna mara mbili kwa mwaka. Watu wapatao 57,000 walihamishwa. Septemba 1958, wanakijiji wa Chisamu walipokataa kupelekwa Lusitu, polisi waliwafyatulia risasi na kuua wanane.

Mwaka huohuo ilianza Operesheni Nuhu ya kuokoa wanyama. Picha za swala waliobebwa mikononi zilienea duniani. Picha hizo si za uongo. Lakini huruma iliyomfikia swala haikumfikia mkulima wa Gwembe.

Tusitoe hitimisho la haraka kwamba bwawa lenyewe ndilo adui. Umeme ni nguvu ya uzalishaji, na hakuna taifa linaloweza kujenga viwanda bila nguvu hiyo. Mgongano umo katika uhusiano wa watu: nani anaamua, nani anabeba gharama, nani anavuna. Mgongano huo haukwisha kwa kubadili bendera. Zambia ilijitawala mwaka 1964 na Zimbabwe mwaka 1980, lakini vijiji vingi vya waliohamishwa vilikaa gizani kwa miongo kadhaa baadaye.

Tangu 1956 Elizabeth Colson na Thayer Scudder waliandika maisha ya Watonga, kabla na baada ya kuhamishwa. Kada anayetumwa kuwaeleza wananchi mradi mpya asibebe picha ya ukuta peke yake. Abebe pia ushahidi wa waliohamishwa, na awasikilize watakaohamishwa kabla maji hayajapanda.