Mwana Hiti: Mwanasesere wa Mabibi Zetu wa Uzaramo



Ndugu wasomaji, tuchukue mfano huu. Bibi amefariki, sanduku lake limefunguliwa, na baina ya kanga na msala kimekutwa kijiti kilichochongwa: kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu, na kichwa chenye nywele zilizogawanywa mafungu mawili. Mmoja anasema kitupwe, ni ushirikina. Mwingine anasema kiuzwe, kina bei. Hakuna anayeuliza kilikuwa cha nini. Kabla ya kuhukumu, tujue historia yake.

Huyo anaitwa mwana hiti. Ni wa Wazaramo, wenyeji wa pwani ya Tanzania kuanzia Dar es Salaam, Kisarawe hadi upande wa Bagamoyo, na pia wa jirani zao Wakwere na Waluguru. Kwa kawaida ni mdogo wa kushikika mkononi, wa mti, na mara nyingine wa kibuyu.

Zamani msichana akivunja ungo alikuwa mwali, akawekwa ndani kwa miezi, na wengine kwa miaka. Huko alifundishwa na wakubwa mambo ya usafi, heshima, ndoa na malezi. Mwana hiti alikuwa mtoto wake wa kujifunzia: alimwosha, akampaka mafuta, akamtengeneza nywele, akalala naye. Wazaramo huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mwanasesere huyo alikuwa pia alama ya uzazi wa ukoo mzima. Umbo lake lilichongwa hata juu ya fimbo za wakubwa, vizibo vya tunguri za waganga na nguzo za makaburi.

Hapo ndipo penye tatizo. Iliaminiwa kwamba atakayemtunza vizuri atajaaliwa watoto, na atakayemdharau huenda akawa tasa.

Uislamu ulienea Uzaramo hasa kuanzia karne ya 19, na kufikia katikati ya karne ya 20 Wazaramo walio wengi walikuwa Waislamu. Lakini mila hazikuondoka siku moja. Bi Marja-Liisa Swantz wa Finland, aliyeishi kijiji cha Bunju katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1970, aliwakuta watu wanaoswali na kufunga, na bado wanawacheza wali. Baadaye shule zilifupisha muda wa kukaa ndani, na wana hiti wengi wakaishia kwa wanunuzi na katika makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Je, dini inasemaje? Mwanasesere wa mtoto wa kike si jambo geni katika Uislamu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, na Mtume (S.A.W.) akiwaita rafiki zake waje kucheza naye. Katika Abu Daud imo habari ya farasi wake mwenye mbawa za vitambaa, ambaye Mtume (S.A.W.) alimwona akacheka. Na masahaba wa kike waliwatengenezea watoto wao vitu vya kuchezea vya sufi, ili wasahau njaa katika funga ya Ashura. Kwa hadithi hizi wanachuoni wengi wameruhusu wanasesere wa watoto, kwani ndani yake mna mafunzo ya malezi.

Lakini uzazi hautoki kwenye mti. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratu Shuura, aya ya 49 na 50, kwamba Yeye ndiye anayempa amtakaye watoto wa kike au wa kiume, na amtakaye humfanya tasa. Ni wanawake wangapi waliolaumiwa bure kwa kukosa mtoto, eti walimdharau mwanasesere!

Basi tutenganishe mambo mawili. Imani ile tuiache kabisa. Lakini kazi ya kumkalisha binti na kumfundisha kwa utulivu, hiyo tusiitupe pamoja na kijiti. Mabibi zetu waliitengea miezi. Sisi leo tunamwachia simu na rafiki zake.

Na kama bibi yungali hai, mtoto wa kike akae naye jioni moja amuulize alifundishwa nini alipokuwa mwali, kisha aandike. Sanduku likishafunguliwa hakuna tena wa kujibu.