Neno la leo: Kunywea

Kioo cha nyuma cha Porsche 911 kimepinda pande mbili, ilhali karatasi ya tinti ni bapa. Ukiitandaza inafanya mikunjo. Fundi huanzia nje ya kioo: hupaka poda ya mtoto, huikusanya mikunjo juu na chini, kisha huipuliza kwa hewa moto. Hapo karatasi hunywea, ikashika umbo la kioo, ndipo ibandikwe ndani.

Tuseme kunywea, kama nguo iliyopungua baada ya kufuliwa. Kusinyaa ni kupata makunyanzi, na joto likizidi ndicho kinachotokea. Anayemfundisha kijana gereji ayatenge maneno haya mawili: moja ni kazi safi, jingine ni hasara.